Mako kabla ya Mesa

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kilomita 60 hivi za lami, na kutoka hapo hadi shule iliyoniita ni pikipiki juu ya udongo mwekundu ambao Januari hugeuka sabuni. Nilikuwa na diski ya nje niliyoifunga kwenye nailoni na kuiweka ndani ya koti. Humo mlikuwa na msimbo chanzo wa kila kitu nilichodhani nitakihitaji kujenga eneokazi la Xfce, lile lenye madirisha, paneli na kishale cha kipanya, juu ya Linux tupu isiyo na lolote ila maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kompyuta zilikuwa nane, zote kuukuu, nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti moja tu na prosesa za biti 32. Moja ilikuwa na gigabaiti nne. Hiyo ndiyo niliyoiteua iwe jiko: nipikie humo kila kitu kwa mpangilio wa biti 32, kisha nizipakulie zile saba.

Kazi ilikwenda vizuri hadi saa tisa alasiri, nilipofika kwenye Mesa. Mesa ni maktaba inayoziwezesha programu kuchora kwa kutumia kadi ya picha, na seva ya Xorg, inayosimamia kioo na kipanya, inaihitaji ili ifanye kazi yake ipasavyo. Niliandika amri, Meson, chombo cha kuandaa ujenzi, ikaanza kukagua, ikasimama: inataka moduli ya Python iitwayo Mako. Kwenye diski haikuwamo. Shuleni pale hakuna intaneti, na simu haishiki mtandao mpaka upande kilima nyuma ya uwanja wa mpira. Nikapanda, nikanunua bando, nikashusha Mako, nikarudi. Wakati wa kuisakinisha nikaambiwa Mako nayo inataka MarkupSafe. Nikapanda tena. Niliporudi mara ya pili Mesa ilipiga hatua moja mbele, ikadai yaml, ambayo huwezi kuipata kwa jina hilo. Kifurushi chenyewe kinaitwa PyYAML. Nilipanda kilima mara ya tatu mvua ikiwa imeanza. Faili zenyewe ni ndogo ajabu. Picha moja ya harusi inayotumwa kwa WhatsApp inaizidi MarkupSafe kwa ukubwa.

Kusahau Mako ni jambo la kusameheka. Lisilosameheka, kwa mtu anayejiita fundi, ni kuiacha mashine inisomee orodha mstari mmoja mmoja kwa njia ya makosa, ilhali orodha nzima ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo ndani ya faili za mradi, nami nilikuwa na wiki nzima ya kuisoma nikiwa Njombe. Wengi wanaojenga programu kutoka chanzo huenda hivyo: wanaanzisha, wanapokea kosa, wanatafuta kilichotajwa, wanaanzisha tena. Wanaita hiyo kutatua vitegemezi. Mimi naiita kupanda kilima.

Tuangalie kwa nini njia hiyo haifiki mbali. Meson na ile hati ya zamani iitwayo configure hukagua mahitaji kwa mstari, na zikikuta pengo la lazima husimama hapo hapo. Pengo la tano haziwezi kukutajia kwa sababu hazijalifikia. Tena pengo unalotajiwa ni la ngazi ya juu tu, la kile kifurushi unachokijenga sasa hivi; vitegemezi vya vitegemezi havimo. Chukua paneli ya Xfce, ule ukanda wenye saa na menyu. Paneli inataka libxfce4ui. Hiyo nayo inataka xfconf na GTK 3. GTK 3 inataka Pango ya kupanga maandishi, gdk-pixbuf ya kusoma picha, libepoxy na at-spi2-core. Pango inataka Cairo, Fontconfig, FriBidi na HarfBuzz, na Fontconfig inataka FreeType. Hapo bado hujagusa upande wa Xorg, ambako libX11 inataka libxcb, libxcb inataka libXau na xcb-proto, na xcb-proto, ambayo kimsingi ni maelezo tu ya jinsi seva na programu zinavyozungumza, inataka Python iyasome maelezo hayo. Mnyororo husomwa kutoka juu na kujengwa kutoka chini. Anayeusoma na kuujenga kwa wakati mmoja atapoteza siku.

Kitabu kilichonifundisha kazi hii ni cha mradi wa Linux From Scratch ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, pamoja na kingine kinachoendelea pale cha kwanza kinapoishia, kiitwacho Beyond Linux From Scratch. Hicho cha pili hupanga vitegemezi vya kila kifurushi katika makundi matatu: vya lazima, vinavyopendekezwa na vya hiari. Watu hulipita kundi la tatu wakidhani halina uzito. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa. Ukikubali kila cha hiari, eneokazi dogo la Xfce linakuletea mfumo wa sauti, wa printa, wa kamera, nyaraka za watunzi wa programu na zana za kuzitengenezea nyaraka hizo, kila kimoja na ukoo wake. Kabla ya kuuliza nitapata wapi kitegemezi hiki, uliza shule hii itakifanyia nini. Shule ile haina printa. Nilipoandika kwamba CUPS, ule mfumo wa printa, haihitajiki, sikufuta kifurushi kimoja pekee, nilifuta na ukoo wake. Vinavyopendekezwa, kwa upande wake, mjenzi wa mara ya kwanza avichukulie kama lazima. Waandishi wa kitabu wameviweka pale kwa kuwa vifurushi vya mbele vitavitegemea, na ukiviruka utarudi nyuma.

Kuna mahali mnyororo hujizungusha. FreeType huchora umbo la kila herufi, na ili irekebishe maumbo hayo vizuri hupenda kuwa na HarfBuzz. HarfBuzz hupanga herufi zilizochorwa, nayo humtaka FreeType. Nani aanze? Jibu ni kwamba FreeType inajengwa mara mbili. Mara ya kwanza unaijenga bila HarfBuzz, pungufu hivyo hivyo. Kisha unajenga HarfBuzz juu yake, halafu unarudi kuijenga FreeType upya, safari hii ikimwona mwenzake. Mama anayekanda kwa chachu ya donge la jana anaielewa hesabu hii bila kuelezwa. GLib, maktaba iliyo chini ya GTK, na gobject-introspection siku hizi huenda vivyo hivyo. Mzunguko wa namna hii haukatiki kwa kutafuta toleo jingine wala kwa kubadilisha mpangilio wa amri. Unakatika kwa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinaweza kuishi pungufu kwa nusu saa.

Sasa majina, maana hapa wageni hulia. Kosa likisema kifurushi fulani hakikuonekana, mara nyingi halisemi kwamba hakipo. Linasema pkg-config haikuona kijifaili chake chenye kiambishi cha pc. Pkg-config ni karani: anaulizwa maktaba fulani iko wapi, ni toleo gani, na kompaila apewe vielekezi vipi, naye hujibu kwa kusoma vijifaili hivyo kwenye folda anazozijua. Maktaba ikiwekwa kwenye folda asiyoijua, karani atasema haipo, nawe utaijenga mara ya pili bure. Kabla ya kushusha chochote, tafuta faili hiyo kwenye diski nzima. Ukiikuta, tatizo ni njia tu, na unalimaliza kwa kuiongeza folda hiyo kwenye PKG_CONFIG_PATH. Tena karani ana majina yake mwenyewe. GTK 3 kwake ni gtk+-3.0. LibX11 ni x11. FreeType ni freetype2, na hata namba yake ni tofauti: ukimwuliza toleo la FreeType 2.13.2 atakujibu 26.1.20. Nimemwona kijana mwenye akili akiamini kwamba amesakinisha kitu kingine kabisa, akafuta kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya namba hiyo. Hakukuwa na kosa lolote.

Kwenye matoleo nitakaa kidogo, na msomaji wa Makambako ana mfano mlangoni. Reli ya TAZARA inayopita pale ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Zote mbili ni reli, zote zina mataruma na mabehewa, lakini kwa sababu ya milimita 67 behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili, na ndiyo sababu Kidatu mizigo hulazimika kuhamishwa. Maktaba za Linux zina upana wao pia, namba inayofuata jina la faili baada ya so. Maktaba ya libffi toleo la 3.3 ilikuwa na namba 7. Toleo la 3.4 likaja na namba 8. Anayesoma 3.3 na 3.4 anaona mabadiliko madogo. Kumbe upana umebadilika. GLib iliyojengwa juu ya 7 itaendelea kuitafuta 7, na ukiifuta ile ya zamani kwa kutaka usafi kabla hujaijenga GLib upya, GLib haifunguki, na kila kinachosimama juu ya GLib kinaanguka nayo: GTK, paneli, kidhibiti cha faili, vyote. Amri ya ldd hukuonyesha programu inategemea faili zipi na ipi haipatikani. Iendeshe kabla ya kufuta chochote. Na ukikuta mafundi wanaoziba pengo kwa kuunda kiungo cha jina, 7 ielekee 8, wazuie. Ni kuliita behewa la TAZARA jina la Reli ya Kati na kutumaini litapita.

Ugumu wa sasa, ambao haukuwapo nilipoanza, ni vitegemezi vinavyojishusha vyenyewe. Maktaba ya librsvg, inayochora ikoni za SVG, ilianza kuandikwa upya kwa lugha ya Rust kuanzia toleo la 2.41, na toleo la mwisho la C tupu lilikuwa la 2.40. Kwa hiyo ikoni ya folda leo inakutaka uwe na kompaila ya Rust, ambayo kuijenga kutoka chanzo kwenye mashine ya gigabaiti nne ni adhabu. Mimi huchukua ile iliyokwisha kujengwa, na sioni aibu. Lakini hata ukiwa nayo, Cargo, chombo cha Rust cha vifurushi, hutaka kwenda mtandaoni kushusha vijisehemu vyake vingi wakati wa ujenzi. Kwenye ofisi ya mjini hutajua hata kama jambo hilo limetokea. Shuleni pale ujenzi unakufa. Dawa ni amri ya cargo vendor, inayokusanya vyote kwenye folda moja ukiwa bado na mtandao. Meson nayo ina tabia ya kufanana: miradi mingine ikikosa maktaba hujaribu kuishusha na kuijenga kimyakimya ndani yake. Iambie isifanye hivyo, kwa kuweka wrap-mode iwe nofallback, hata kama mtandao unao. Kitegemezi usichojua umekipata wapi hutajua kukisasisha.

Baada ya siku tatu, huku umeme ukikatika mara mbili, eneokazi likawaka. Kwenye kioo paneli ilikuja na menyu ikafunguka, lakini penye kila herufi palikuwa na kisanduku kitupu. Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema kwa upole, “Fundi, hii ni lugha gani?” Nilikuwa nimejenga FreeType, HarfBuzz, Fontconfig na Pango, mtambo wote wa maandishi, na sikuweka fonti hata moja. Hakuna kompaila inayokagua fonti. Kuna vitegemezi vya kujengea na kuna vya kuendeshea, na hivi vya pili havikupi kosa, vinasubiri mtumiaji.

Fonti nilikuwa nazo, dakika mbili zikatosha. Lililofuata lilinigusa zaidi. Mwalimu alichomeka flashi yenye mitihani, tukasubiri, hakikutokea kitu. Keneli ilikuwa imeiona. Ungeandika amri ungeikuta. Thunar, kidhibiti cha faili cha Xfce, haikuionyesha kwa sababu kuonyesha flashi ni kazi inayopitia GVfs, na GVfs huzungumza na UDisks, na vyote viwili nilivipa alama ya hiari nikavivuka. Ujenzi ulikuwa umekamilika bila onyo moja. Kwa mwalimu ambaye kazi yake yote husafiri ndani ya flashi, kompyuta isiyoonyesha flashi ni mbovu, na alikuwa na haki kabisa. Nilikuwa nimeuliza shule itafanyia nini printa, sikuuliza inafanyia nini flashi.

Hivyo basi kitegemezi cha kuogopwa ni kile kisicholalamika. Programu nyingi zikikosa maktaba ya hiari hujijenga bila uwezo huo na kukutajia kwa mstari mmoja tu, kwenye muhtasari wa mwisho wa ukaguzi, katikati ya mistari mingi ya ndiyo na hapana. Usiende kunywa chai muhtasari ukipita. Uhifadhi kwenye faili, soma kila hapana, na mbele ya kila moja uandike ni wewe uliyeikataa au ni bahati mbaya.

Jambo la usalama nitaligusa kwa ufupi ingawa si dogo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH kumechelewa kwa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. SSH yenyewe haitegemei xz. Ila baadhi ya wasambazaji wa Linux walikuwa wameiunganisha na libsystemd, na libsystemd ilitegemea maktaba ya xz. Hatua ya mwisho ya kuuwasha mlango huo ilikuwa imewekwa kwenye kifurushi cha chanzo kilichotolewa kwa umma, wala haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huikagua. Anayejenga kutoka chanzo asidhani chanzo pekee kinamlinda. Linganisha alama za sha256 za kila faili, na ufuatilie matangazo ya usalama ya kila ulichokijenga, maana hakuna atakayekusasishia.

Nimeulizwa na vijana wa Njombe kama kazi hii ina faida wakati apt, zana ya kusakinisha vifurushi iliyokuja na Debian 2.1 Machi 1999, inatatua vitegemezi vyote kwa amri moja. Kwa kompyuta ya biti 64 jibu langu ni fupi: tumia apt, nenda nyumbani mapema. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zitakazotupwa kwa sababu hiyo zinaweza kuvaa Debian yenye Xfce mchana mmoja. Lakini Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena kisakinishi cha prosesa za biti 32, na shule zetu zina mashine hizo. Zaidi ya hapo, kuna suala la lugha. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na IT+46 ya Sweden, ulizindua Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Oktoba mwaka uliofuata OpenOffice 2.0 ikatoka. Tafsiri ya programu hupandishwa upya kila toleo linapobadilika, na anayeweza kuipandisha ni mtu anayejua kujenga programu hiyo kutoka chanzo hadi ikafunguka. Tunawahitaji watu hao kwetu, wengi, na wasiwe Dar es Salaam peke yake.

Kompyuta nane zile zinafanya kazi, na flashi inaonekana. Mpangilio wote wa ujenzi nimeuandika kwa mkono katika daftari la kaunta, kuanzia util-macros hadi xfce4-session, pamoja na kila cha hiari nilichokikataa na sababu yake, na faili zote ziko kwenye diski ile ile pamoja na alama zake za sha256. Mako imo, ukurasa wa kwanza, ikifuatwa na MarkupSafe na PyYAML. Fundi au mwalimu wa kompyuta anayetaka kunakili, aje na diski yenye nafasi na kalamu, na aandike na ya kwake humo.